Jina la Dada Yake

Mwezi wa nane mwaka ule moshi wa mashamba ulishuka juu ya ziwa ukakaa, ukachanganyika na ukungu, na milima ya Kongo ikapotea kabisa. Kibirizi, pale ufukweni, haikuamka kwa ghafla siku hizo. Ilijitokeza kidogo kidogo: kwanza sauti za wapagazi, halafu harufu ya dagaa, halafu ncha za boti, na mwisho watu wenyewe, wakitoka kwenye weupe ule mmoja mmoja, kana kwamba ziwa lilikuwa limewashika mkononi usiku kucha na sasa linawaachia taratibu.

Winfrida aliipenda saa ile. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwaka wa kumi sasa, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mwendo wa polepole na sauti iliyowanyamazisha watoto wachanga. Alitembea mchangani na daftari lake kwapani, akisalimia vivuli kabla hajajua ni vya nani.

"Mwakeye!"

"Mwakeye, Mama Winfrida. Leo unamtafuta nani?"

Kila siku alikuwa na wa kumtafuta, kwa sababu utaratibu wa bima ya afya ulikuwa umebadilika. Zile kadi za zamani, kadi moja kwa kaya nzima, zingekoma mwisho wa mwezi wa tisa. Baada ya hapo kila mtu angeandikwa peke yake, kwa jina lake na alama za vidole vyake. Waliofika miaka sitini wangeendelea kutibiwa bure, ilimradi umri wao uonekane kwenye karatasi. Wasiojiweza nao wangeendelea, ilimradi mkutano wa mtaa uwapitishe upya. Asiyethibitishwa angetoka kwenye orodha kimyakimya, bila mtu kumfukuza, na angekuja kujua siku atakapofika kituoni amebeba mgonjwa mgongoni.

Hiyo siku ndiyo iliyomsumbua Winfrida. Alipojilaza mchana, baada ya kula, majina yaliendelea kumpitia. Ndotoni aliwaona watu wa mtaa wake wakiingia majini taratibu, maji yakiwafika magotini, kiunoni, kila mmoja ameinua kadi yake juu isilowe, na yeye yuko ufukweni anaita lakini majina yote yanamtoka kinywani yamekosewa. Akishtuka, anavaa kandambili anatoka tena.

Kufika katikati ya mwezi wa tisa alikuwa amewapata karibu wote. Aliwapeleka kwa vikundi hadi ofisi ya mtaa, ambako Anatoli, mwandikishaji kijana aliyeletwa kutoka mjini, alikaa chini ya turubai na kishikwambi chake na kimashine cha kusomea vidole. Anatoli alikuwa mtu wa maneno machache, macho mekundu kwa uchovu, lakini hakuwahi kumfokea mzee.

"Kwenye orodha yako ya wazee amebaki mmoja," alimwambia Winfrida jioni moja. "Diana. Sitini na mbili. Mgonjwa wa sukari."

"Namjua. Nimemwita mara tatu."

"Alete cheti chake cha ubatizo tu. Umri unatosha, tunamaliza kwa dakika tano."

Diana huyo alikuwa mwanika dagaa upande wa kaskazini wa mwalo, pale boti zinaposhushia samaki, mwanamke mwembamba aliyezungumza kwa nadra na kucheka kwa nadra zaidi. Alihamia Kibirizi miaka kumi na miwili iliyopita akitokea Ujiji, na binti mmoja wa kumlea, Melania, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na alikuwa fundi cherehani hukohuko Ujiji. Kila mwezi alikwenda kituo cha afya kuchukua dawa ya sukari ya kujichoma. Bila ile kadi asingeweza kuipata, na bila ile dawa, Winfrida alijua vizuri, mama huyu asingeyamaliza masika.

Kesho yake alimkuta ameinama juu ya dagaa, akiwageuza kwa fagio la majani. Samaki wale walimetameta kwenye mwanga uliofifia, maelfu kwa maelfu, mpaka ikawa kama mwanamke yule anafagia maji yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona hunijii? Zimebaki siku kumi na mbili."

"Nitakuja kesho."

"Kesho ulishaniambia wiki iliyopita."

Mwanamke aliendelea kufagia. Halafu, bila kuinua uso, akasema, "Njoo nyumbani saa kumi. Peke yako. Usije na daftari."

Saa kumi Winfrida alikwenda mikono mitupu. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na uwanja uliofagiliwa hadi ukang'aa. Pembeni, kivulini, kulikuwa na chungu kikubwa kilichojazwa mchanga, na ndani ya mchanga chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa chenye majimaji. Humo ndimo mwenyeji wake alimotunza dawa yake isiharibiwe na joto. Alikuwa akimwagia mchanga maji kwa kata, polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto. Alipomaliza alikaa mkekani.

"Diana alikufa," alisema.

Winfrida alidhani hakusikia. "Diana yupi, mama?"

"Diana wako. Wa kwenye daftari. Alikufa miaka kumi na miwili iliyopita, Ujiji, kwa homa ya siku nne. Tukampandisha kwetu Kalinzi tukamzika kwenye mibuni ya baba. Mimi ni mdogo wake. Jina langu Leokadia."

Alilitamka jina lile kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kukanyaga kwa mguu uliokufa ganzi.

Kisha akaeleza. Baada ya matanga aliteremka Ujiji kumchukua Melania, mtoto wa marehemu, mwenye miaka minane, aliyebaki bila baba wala mama. Alimkuta anawaka homa. Jirani akamtafutia kadi ya bima ya mama yake chini ya godoro, wakakimbilia zahanati. Muuguzi akaisoma kadi, akauliza, "Diana ndiye wewe?" Mtoto alikuwa ameanza kupindua macho. Leokadia akasema ndiyo.

"Neno moja tu," alisema. "Nilidhani nitalirudisha kesho yake. Lakini kesho yake wakaniita Diana tena, na Melania alikuwa bado amelazwa. Tulipohamia huku nikawa nimezoea kuitikia. Halafu sukari ikanianza, na dawa ikawa inatoka kwa kadi ileile. Ningesema nini? Na lipo jambo jingine, sijalisema hata kanisani. Kila nilipoitwa, niliona kama yeye yupo. Kama amekwenda tu dukani na mimi nimemshikia nafasi."

Upepo mdogo ulipita uwanjani. Winfrida alihisi kitu ndani yake kinaelea bila pa kushika. Miaka kumi alikuwa ameliandika jina lile kwa mkono wake mwenyewe, kila mwezi, kwa kalamu ya bluu. Alikuwa akimpima mwanamke huyu, akimshika mkono, akimuuliza amelalaje, na kumbe alikuwa akimwita mtu aliyelala chini ya mibuni.

"Una miaka mingapi, mama?" aliuliza mwishowe.

"Hamsini na saba, nadhani. Alinipita mitano."

Basi tatizo likawa wazi mbele yao. Diana alikuwa na miaka sitini na miwili na cheti cha ubatizo kilichotunzwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Leokadia alikuwa na miaka hamsini na saba, hakuwa mzee kwa mujibu wa utaratibu mpya, na hakuwa na karatasi hata moja. Tena kidole chake kilikuwa hakijawahi kuguswa na mashine yoyote. Kikiingia leo kwa jina la Diana, kitakuwa cha Diana moja kwa moja.

Winfrida alitazama chungu cha mchanga. "Nikinyamaza mimi," alisema polepole, akijishangaa, "kesho asubuhi unaweza kuwa umemaliza."

"Najua. Nimeliwaza hilo mwezi mzima, ndiyo maana sikuja." Leokadia alivifungua viganja vyake akavitazama, vidole vilivyolainishwa na magamba na jua. "Lakini vidole hivi vikiingia mle kwa jina lake, mimi nitakuwa sijazaliwa. Na nikifa wataandika kwamba Diana amekufa, kwa mara ya pili. Mimi nitakuwa wapi, mama?"

Winfrida aliinuka, akajifunga kanga yake upya.

"Basi tupande Kalinzi, tukalitafute jina lako kwenye kitabu cha ubatizo," alisema.

Walipanda siku ya pili, kila mmoja kwenye pikipiki yake, kupitia Mwandiga. Njia ilipoanza kupinda milimani ukungu ulibaki chini na hewa ikawa baridi, yenye harufu ya udongo na moshi wa kuni. Mibuni ilisimama pande zote, imetulia. Winfrida, ambaye alizoea kuliona ziwa kila anapogeuka, alijihisi kama ameingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Leokadia hakutazama kulia wala kushoto. Walipopita mahali fulani penye mti wa msindi na ua wa michongoma alifumba macho, na Winfrida akajua bila kuambiwa kwamba hapo ndipo nyumbani kwao.

Ofisi ya parokia ilikuwa chumba chenye dirisha moja. Katibu, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, aliteremsha kitabu kikubwa kilichoshikiliwa na utepe wa kitambaa, akakipuliza vumbi, akaanza kushuka na kidole. Majina yalikuwa ya wino uliogeuka rangi ya chai.

"Huyu hapa Diana," alisema. Akapindua kurasa, akaenda miaka mitano mbele. Kidole kikapita, kikarudi, kikapita. Leokadia alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Leokadia," alisoma katibu. "Binti wa Thobias na Agripina. Alibatizwa akiwa na wiki tatu." Akainua macho. "Ndiye yupi kati yenu?"

"Ni mimi," alisema Leokadia, na sauti yake ikatoka nyembamba, ya msichana. Kisha akaomba kiti.

Walirudi na nakala yenye mhuri. Karatasi ile ilimthibitisha Leokadia, lakini haikumpa dawa. Kwa kuwa hakuwa amefika sitini, njia iliyobaki ilikuwa moja: mkutano wa mtaa umpitishe kama asiyejiweza, na hapo ilibidi waambiwe yote. Anatoli aliposimuliwa alivua miwani akajifuta macho kwa muda.

"Mama Winfrida, hiki kishikwambi hakina sehemu ya kuandika hadithi," alisema. "Kina sehemu ya jina, umri na kundi. Niletee barua ya mkutano yenye saini, nitaandika kilichomo. Lakini na wewe jiandae. Watakuuliza ulikuwa wapi miaka kumi."

Mkutano ulikaa Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi kwa sababu wengi walikuwa na ndugu wa kupitishwa. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Gervasi, mtu mwenye sauti nzito aliyewahi kuwa nahodha wa boti za mizigo, aliita majina moja moja, na mikono ikawa inainuka na kushuka. Alipofika mwisho akasema kuna jambo la Mama Diana, anayetaka kulisema mwenyewe.

Leokadia alisimama. Alilisema lote, kuanzia homa ya mtoto hadi kitabu cha parokia, bila kulia na bila kujitetea. Alipomaliza ikasikika mashine ya boti mbali.

Kisha mwanaume mmoja mchuuzi akasimama. "Kwa hiyo miaka yote hii ametibiwa kwa kadi ya marehemu! Na wengine tulikuwa tunarudishwa kwenye dirisha la dawa. Hili si la kupitisha, ni la kupeleka polisi."

Minong'ono ikapanda. Winfrida alikuwa ameshasimama kabla hajaamua.

"Kabla hamjampeleka popote, nipelekeni mimi," alisema. "Daftari ni langu. Nimeingia nyumbani kwake kila mwezi kwa miaka kumi. Nimemuuliza habari za mkojo, za miguu, za chakula. Sikumuuliza hata siku moja habari zake yeye. Ningemuuliza, angeniambia. Aliponiambia majuzi, alikuwa kama mtu aliyetua mzigo."

Nyuma, Melania akanyoosha mkono. Alikuwa amekuja kutoka Ujiji akiwa bado na sindano za kushonea zimechomekwa kwenye kola. "Mimi nilikuwa na miaka minane," alisema. "Nilijua tangu siku ile ya zahanati. Nilimsikia akisema ndiyo. Mama yangu mzazi alikuwa na wiki moja tu tangu azikwe, nami nikaona kwamba Mungu amenipa mwingine mwenye jina lilelile. Mkimwadhibu, mjue alilisema lile neno ili mimi nipone." Akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Aliyesimama baada yake alikuwa mtendaji wa mtaa, mwanamke kijana aliyekuwa ameshika makaratasi. Alisema ameusoma utaratibu wa zamani jana yake, mara mbili. Mwenye kadi akifariki, aliyebaki kulea watoto alikuwa na haki ya kuandikwa mahali pake. Ilitosha kwenda kutoa taarifa ya kifo.

"Maana yake nini?" aliuliza Mzee Gervasi.

"Maana yake hakuchukua haki ya mtu. Ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Kosa ni jina."

"Yebaba we!" alisema bibi mmoja mbele, na uwanja mzima ukashusha pumzi.

Winfrida alimtazama Leokadia. Alitegemea kuona ahueni, lakini aliona kitu kingine: mwanamke yule alikuwa akitikisa kichwa taratibu, akiipitia ile miaka kumi na miwili nyuma, siku moja moja, hofu moja moja, na kukuta hakuna hata moja iliyohitajika.

Mikono ikainuliwa. Hata mchuuzi yule, baada ya kutazama huku na huku, aliinua wake nusu. Mzee Gervasi akasaini barua palepale, juu ya paja.

Zilibaki siku tatu. Kesho yake asubuhi Leokadia alifika chini ya turubai amevaa gauni la kanisani. Mashine ilikataa vidole vyake mara nne. Anatoli akamnawisha kwa maji na sabuni, akampaka mafuta kidogo, akasubiri, akajaribu dole gumba la kushoto, na kitaa cha kijani kikawaka.

"Leokadia Thobias," alisoma. "Hamsini na saba. Kundi la wasiojiweza, kwa barua ya mkutano. Kadi itatoka baada ya wiki tano. Kabla ya hapo utachukulia dawa kwa hii barua. Muuguzi wa kituo nimeshaongea naye, amekubali." Kisha akasita. "Limebaki moja. Lile jina jingine lazima nilifunge. Linataka tarehe ya kifo, na kidole cha mtoa taarifa."

Leokadia aliitaja tarehe bila kufikiri. Lakini Anatoli alipomsogezea kimashine, mkono wake ulibaki hewani. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma, na hakuna aliyehimiza. Winfrida alisimama karibu naye, akakumbuka Leokadia alivyosema siku ile mkekani, kwamba alikuwa amemshikia dada yake nafasi.  

"Alipozikwa sikulia," alisema Leokadia, si kwa mtu yeyote. "Nilikuwa na haraka ya kumfuata mtoto."

Akaweka kidole. Mwanga ukawaka, ukazimika. Hapo ndipo alipolia, amesimama, mabega yakitikisika, na Winfrida akamshika kiunoni akamwongoza hadi kwenye benchi pembeni, chini ya ukuta wa ofisi.

Kilio kilikwisha chenyewe. Alijifuta kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa, akakaa akitazama foleni ikisogea. Halafu akaanza kuzungumza, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa wepesi ambao Winfrida hakuwahi kuusikia kwake. Kwa miaka kumi na miwili hakuweza kumtaja dada yake kwa mtu yeyote, maana yeye mwenyewe ndiye alikuwa Diana. Sasa angeweza kusema "Diana" akamaanisha mtu mwingine.

"Alikuwa hajui kuimba," alisema. "Hajui kabisa! Na alikuwa kwenye kwaya, anasimama mstari wa mbele. Mwalimu alikuwa anamwambia, Diana, wewe fungua mdomo tu. Na alikuwa anaogopa maji, ujue. Akaolewa na mvuvi. Siku ya kwanza mumewe kumpandisha kwenye mtumbwi alijifunga kanga machoni tangu wanaondoka hadi wanafika..."

Alicheka. Winfrida naye akacheka. Alikuwa na watu tisa bado wa kuwaleta siku ile, na mmoja alikuwa akimpungia mkono kutoka barabarani, lakini alimfanyia ishara angoje kidogo, akajisogeza kwenye benchi, akauliza, "Halafu ikawaje?"